Jiwe la Kichwani

Sululu iligonga kitu ambacho hakikulia kama jiwe.

Mchimbaji aliyekuwa ndani ya shimo alikuwa amefika kiunoni. Aliweka sululu pembeni, akainama, akaanza kuupapasa mchanga kwa vidole kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka, kisha akamwinulia uso Mzee bila kusema neno. Sisi tuliokuwa ukingoni hatukuhitaji kuelezwa. Ulikuwa mfupa mrefu wa mguu, umegeuka rangi ya udongo, umelala katika mwelekeo uleule tuliokuwa tumekusudia kumlaza shangazi yangu baada ya sala ya alasiri.

"Fukieni," Mzee alisema. "Huyu yuko kwake. Sisi ndio tusogee."

Walisogea hatua nne upande wa kusini wakaanza upya. Safari hii haukupita muda mrefu kabla ya kutokea kipande cha ubao uliooza, na chini yake weupe mwingine. Wakafukia tena. Nyumbani kina mama walikuwa wamekwisha kumkosha na kumvisha sanda, na mara mbili alitumwa kijana kuja kuuliza mbona tunachelewa. Tulipojaribu kusogea mara ya tatu tukakuta hakuna pa kusogea, kwa maana mbele yetu palikuwa na ukuta wa matofali ya saruji, na hatua saba kabla ya ukuta huo ilisimama nguzo fupi ya zege yenye herufi na tarakimu juu yake.

Bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja.

Shangazi alizikwa jua likiwa linakaribia kuzama, karibu kabisa na bikoni ile, katika kipande pekee ambacho sululu ilishuka bila kumgusa mtu. Talakini ilisomwa, dua ikaombwa, tukarudi nyumbani. Hiyo ni miezi miwili iliyopita, na tangu siku ile sauti ile ya sululu haijanitoka masikioni.

Saini yangu

Makaburi ya ukoo wetu yako nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, upande wa kuelekea Kaole, ndani ya lililokuwa shamba la minazi. Nilipokuwa mtoto hapakuwa na mtu aliyejua mwisho wa makaburi hayo ni wapi, kwa sababu hayakuwa na mwisho. Yalianzia chini ya mwembe, yakaenea hadi minazi ilikokuwa imebanana, na hapo tuliambiwa tusicheze, basi. Katazo lile ndilo lililokuwa ukuta wake.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kusimuliwa kilichofuata. Mashamba yamekuwa viwanja, na anayeuza kipande cha kwanza kwa ajili ya ada ya mtoto huuza cha pili kwa ajili ya hospitali. Siku tatu baada ya mazishi nilimwuliza binamu yangu, kwa sauti ya lawama ambayo sasa ninaijutia, ni nani aliyethubutu kuuza ardhi yenye watu ndani yake. Hakunijibu. Aliingia ndani akatoka na bahasha, akanipa muhtasari wa kikao cha familia ulioridhia mauzo. Safu ya mashahidi ilikuwa na majina matano.

La nne lilikuwa langu.

Ninaikumbuka siku ile. Nilikuwa nimekuja kutoka Dar es Salaam kwa harusi, nikaletewa karatasi nikiwa nimeketi kwenye jamvi na sahani ya pilau mbele yangu, nikaambiwa ni kipande cha nyuma kisicholimwa. Nikanawa mkono, nikatia saini, nikaendelea kula. Sikuinuka kwenda kukitazama kipande chenyewe, na sikuuliza kwa nini kilikuwa hakilimwi, ilhali jibu la swali hilo nilikuwa nalo tangu nikiwa na umri wa miaka sita.

Nilitaka sana mnunuzi awe mtu mwovu. Nimekutana naye. Alisema kwamba kabla ya kulipa aliuliza kama kuna makaburi, akajibiwa kwamba yako machache upande wa mwembe, naye akapita huku na huku kwa macho yake asione tuta wala kibao wala jiwe. Sina sababu ya kumkadhibisha, kwa kuwa hata mimi ningepita nisione.

Mashimo ya mabakuli

Mwendo wa miguu kutoka hapo kuna makaburi ambayo hakuna anayeweza kupita asiyaone.

Magofu ya Kaole tunayajua tangu safari za shule ya msingi: misikiti miwili iliyobomoka, mmojawapo unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, mbuyu ambao watalii huambiwa wauzunguke ili waongezewe umri, na makaburi yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu upande wa kichwani. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliyachimba na kuyasafisha magofu hayo mwaka 1958, na wengi wetu tumejifunza habari zake kwa mpangilio alioufanya yeye. Tulipokuwa watoto mambo hayo hayakutushughulisha. Kilichotuvuta ni vishimo vya mviringo vilivyomo katika nguzo na kuta za makaburi. Tulikuwa tukishindana ni mkono wa nani utaingia mpaka kwenye kifundo.

Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba nilikuwa nikiingiza mkono mahali palipokuwa na bakuli. Makaburi ya wakubwa wa pwani yalipambwa kwa mabakuli na sahani za kauri zilizotoka China, zikapachikwa katika chokaa ikiwa mbichi. Ndivyo ilivyokuwa Kaole, na Kunduchi, na Tongoni kusini mwa Tanga, ambako yamekusanyika makaburi yapatayo arobaini, pengine mkusanyiko mkubwa kuliko wowote wa aina hiyo katika pwani yetu. Baadhi ya vyombo hivyo vimeng'olewa na wezi, na katika kung'oa vikavunjika. Vingine vilitolewa kwa nia njema na kuhifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Sina ugomvi na makumbusho, maana bakuli lililoko kabatini angalau lipo. Hata hivyo marehemu hawezi kupambanua mkono ulioliondoa bakuli lake ulikuwa wa mwizi au wa mtunzaji. Kilichobaki kwake ni kishimo kilekile, na watoto wanaoshindana kuingiza mikono.

Katika majuma ya kwanza baada ya mazishi nilishikilia hoja moja ambayo ilinifariji. Wazee wa Kaole walijenga kwa mawe, nikajiambia, na ndiyo maana wapo. Wazee wangu walizikwa kwa unyenyekevu, kwa tuta la mchanga na vibao viwili vya mti, cha kichwani na cha miguuni, mchwa wakala vibao, mvua ikalisawazisha tuta, na mpima ardhi alipofika akakuta uwanja mweupe. Basi kosa ni la mchanga, na dawa ni saruji.

Hoja hiyo iliharibika niliporudi Kaole kuitazama upya. Nguzo zipo, ndiyo, ingawa mojawapo ya shughuli za kudumu za mahali hapo ni kuzitegemeza zisianguke. Lakini aliyelala chini ya kila nguzo ni nani? Mengi ya makaburi yale hayana maandishi. Jiwe limelinda nafasi kwa karne kadhaa, na jina limepotea vilevile. Kaburi ambalo watu bado wanalitaja kwa mwenyewe ni la yule anayeitwa Sharifa, na halikubakiwa na jina kwa sababu ya ukubwa wake. Limebakiwa nalo kwa sababu watu hawakuacha kwenda. Hadi leo wapo wanaopeleka dua na haja zao pale, jambo ambalo mashehe wengi hawalipendi hata kidogo, nami sitaki kuingia katika mjadala huo. Ninachosema ni kwamba miguu ya watu ndiyo iliyomhifadhi.

Kabla ya 1886

Kwa kuwa mimi ni mtu wa makaratasi kwa kazi yangu, nilikimbilia sheria.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo, ngome na maziko yaliyofanywa kabla ya mwaka 1886. Nilikaa na mwaka huo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Bibi mzaa babu yangu, kwa hesabu za kifamilia, hawezi kuwa alifariki kabla ya mwaka huo, kwa hiyo kwa kipimo hicho hajatosha kuwa wa kale. Na yule ambaye sululu ilimgusa? Huenda ni wa zamani zaidi yake, huenda si wa zamani. Kumbe sheria inamtaka marehemu aseme alikufa lini, naye hana hata kibao cha kumsemea.

Ipo nyingine, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, nayo niliisoma kwa mshangao wa kuipenda. Inahusu ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, kama barabara au reli. Inataka tangazo litolewe, wenye maziko wajulishwe, mabaki yahamishwe kwa heshima na kuzikwa upya, na katika gharama zinazofidiwa imetaja hadi zile za ibada za kuwatuliza marehemu. Aliyeiandika alifahamu kwamba mtu hahamishwi kama kabati. Lakini haikutungwa kwa ajili ya sahani ya pilau na karatasi ya familia. Serikali ikipitisha barabara kwenye makaburi ya ukoo, inatakiwa itutafute na kutuuliza. Sisi tulipoyauza wenyewe, aliyetakiwa kuulizwa ni mimi, na niliulizwa, nikatia saini.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoishiwa na mtu wa kumwendea.

Uzio wa Wajerumani

Mjini Bagamoyo, karibu na ufuo, yapo makaburi ya Wajerumani, kiasi cha ishirini hivi, na wengi wa waliomo walikufa katika vita vya kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim na katika miaka michache iliyofuata. Yamezungushiwa ukuta na yanatunzwa. Nilipita hapo juma moja baada ya kutoka kwa binamu yangu, nikasimama nje nikisoma majina, na nikiri kwamba niliona wivu.

Mei 1889 Hermann Wissmann, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, aliishambulia boma ya Abushiri karibu na mji huu. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Kijana aliyekuja kutoka Ulaya kupigana na wenyeji ana jina lake, ameandikiwa na mwaka wake, na mjukuu wa kitukuu chake akitaka kumzuru leo atashuka kwenye basi na kumkuta. Kwa waliopigana upande wa pili, pale Bagamoyo sijapata kuonyeshwa hata tuta moja. Palipokuwa mahali pa kunyongea watu pamewekwa ukumbusho, nao ni ukumbusho wa tukio. Wenyewe wamelala wapi?

Ingekuwa rahisi kumalizia sehemu hii kwa kuwalaumu wakoloni, na lawama hiyo wanayo. Isipokuwa ukuta wa makaburi ya ukoo wangu haukujengwa na Mjerumani.

Aliyoyasema Mzee

Niliporudi kumwona Mzee nilikwenda na mpango kamili. Nitanunua saruji, nitajengea kila kaburi linalofahamika, nitaweka marumaru yenye majina. Nikamwamkia, nikaketi, nikaeleza. Alinisikiliza huku akisokota ukindu wa mkeka wake, na nilipomaliza akauliza swali moja.

"Unajenga kwa ajili yao au kwa ajili ya saini yako?"

Sikuwa na jibu, naye hakulisubiri. Alinikumbusha hadithi iliyopokewa na Jabir, kwamba Mtume alikataza kaburi lisipakwe chokaa, lisikaliwe, wala lisijengewe. Ndiyo maana babu zako walilala kwenye mchanga, alisema. Hawakukosa chokaa, maana walikuwa wakiichoma wenyewe. Walikuwa watu waliochagua.

Nikamwambia, kwa adabu niliyoweza, kwamba uchaguzi huo ulifaa zamani zile ambapo kila mtoto alikuwa akionyeshwa, huyu ni fulani na huyu ni fulani, na mwenye shamba la jirani alikuwa akijua. Leo aliyepanga nyumba ya pili hajui hata jina la mtaa. Unyenyekevu umegeuka kuwa njia ya kupokonywa. Mnunuzi alitafuta jiwe, Mzee, akalikosa, akajenga.

Alinyamaza kwa muda, akaweka mkeka chini.

"Na wewe hukusoma mpaka mwisho," akasema. Akanisimulia habari za Uthman bin Madh'un, mmoja wa masahaba, kwamba alipozikwa, Mtume alimwagiza mtu alete jiwe, na yule mtu aliposhindwa kulibeba, Mtume akakunja mikono ya nguo yake akalibeba mwenyewe, akaliweka upande wa kichwani, akasema kwamba kwa jiwe hilo atalitambua kaburi la ndugu yake na atawazika karibu naye watakaokufa katika watu wake.

Nilikuwa nimeishi na hadithi ya kwanza maisha yangu yote, na ya pili sikuwahi kuisikia. Labda ilisomwa nami nikiwa nimesinzia msikitini. Labda sisi wa pwani tumeishika ile moja kwa mikono miwili kwa sababu haina gharama. Sijui, na mimi si mwanachuoni. Lakini nilivyoiona siku ile, tofauti iliyokuwa ikinitesa ilikuwa imekaa wazi mbele yangu tangu zamani. Lililokatazwa ni jengo, na lililofanywa ni alama. Tena alama yenyewe haikuwa na maandishi. Ilikuwa jiwe tu, na aliyejua ni la nani alikuwa yuko hai na alikusudia kurudi.

"Mfupa ule," nikauliza, "tulimfanyia kosa?"

"Kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Mlimgonga. Mkaacha, mkamfukia." Alichukua ukindu wake. "Kosa mlilitenda siku nyingine, na wewe unalijua."

Daftari

Jumamosi iliyofuata tulikwenda makaburini watu wanne: Mzee, binamu yangu, kijana wake wa darasa la sita, na mimi na daftari la shule la kurasa 96. Mnunuzi alimwagiza mlinzi atufungulie geti, tukapita upande wa pili wa ukuta pia. Sikutarajia aturuhusu. Mpaka sasa hatujakubaliana naye lolote kuhusu kipande kile, wala sitaandika kana kwamba tumekubaliana. Amesema tu kwamba hatachimba msingi upande huo kabla hatujamaliza kuhesabu.

Ugumu wa kwanza ulikuwa ni kupata mahali pa kuanzia kipimo. Mwembe ulikatwa siku nyingi. Minazi iliyotajwa na Mzee haipo, na mara kadhaa alisimama akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kwenye kituo kisicho chake. Kijana wa binamu yangu ndiye aliyesema, si tuanzie kwenye bikoni? Binamu yangu akatazama chini. Lakini kijana alikuwa na haki. Katika eneo lile lote kitu kilichoandikwa, kisichohama, na ambacho kila ofisi ya ardhi itakitambua, ni ile nguzo ya zege iliyotutoa.

Tukaanzia kwenye bikoni.

Mzee alitembea kwa fimbo, kijana akahesabu hatua, nami nikaandika. Kwa mwingine alitoa jina kamili hadi la babu. Kwa mwingine alikuwa na jina la utani tu, au kazi, au ugonjwa: yule fundi wa mashua, yule mama wa mapacha, wale watoto watatu wa mwaka wa surua. Palipokuwa na shaka aliniambia niandike shaka, na nilipojaribu kuirembesha akanizuia. Alasiri tulikuwa na watu thelathini na wanane, tisa kati yao wakiwa upande wa pili wa ukuta. Kichwani kwa kila mmoja aliyetambuliwa upande wetu kijana aliweka kipande cha tumbawe kisicho na maandishi, kiasi cha kubebeka kwa mkono mmoja. Upande wa pili hatukuweka kitu. Hiyo ardhi sasa si yetu, na aliyeiuza anajulikana.

Daftari nimelinakili mara tatu. Moja liko kwa binamu yangu, moja liko msikitini, na moja liko hapa mezani ninapoandika. Ukurasa wa kwanza unasomeka hivi:

Kutoka bikoni, hatua mbili kuelekea kibla: Shangazi.

Kutoka bikoni, hatua tano kaskazini: mtu mmoja, juu yake ubao uliooza. Mzee anadhani ni mwanamke. Tulimfikia kwa sululu, tukamfukia.

Kutoka bikoni, hatua tisa kaskazini: mtu mmoja. Hajulikani. Alitangulia.